Moshi Si Mahari



Kuna sifa moja tumechoka kuisikia kwenye maharusi yetu. Mtu mzima anasimama mbele ya wageni anamsifia biharusi: huyu mtoto kalelewa, huyu habughudhiwi na moshi, mpe mafiga matatu na kuni mbichi atakutolea pilau ya watu mia. Wageni wanapiga vigelegele. Sisi tunasema vigelegele hivyo vikome. Kumsifu mwanamke kwa kuvumilia moshi ni kumsifu kwa kuvumilia sumu, na sumu hiyo tunaijua inapokwenda na inachokifanya.

Tunalolisema leo ni hili: moto safi wa kupikia ni haki ya mke. Ni sehemu ya nafaka yake, na uulizwe kabla ya akdi kama tunavyouliza nyumba na mahari. Anayeona ni maneno ya wanawake wavivu asome mpaka mwisho, kisha atujibu.

Jikoni Kikwe

Tunaanzia mbali na bahari kidogo. Kikwe ni kata ya Wilaya ya Meru, mkoani Arusha, chini ya Usa River, kwenye tambarare zinazotazama Mlima Meru. Wapo mabinti wa visiwani walioolewa pande hizo, na wapo Waislamu wenyeji wa huko wanaotusoma, kwa hiyo mtu asidhani tunahadithia habari za watu wengine. Ni nchi ya wakulima na wafugaji: mahindi, maharage, ng'ombe wa maziwa.

Chakula cha pande hizo ni makande, na loshoro iliyochanganywa na maziwa mgando. Wallahi ni vyakula vitamu. Lakini mahindi na maharage makavu hayaivi kwa nusu saa. Mama anawasha moto asubuhi na anachochea mpaka jua linapanda kichwani. Kuni zikiwa haba anatia magunzi na mabua, ambayo huwaka upesi na kufuka sana. Masika yakiingia kuni zimeloa, mlango unafungwa, na moshi unabaki ndani na watu.

Tulikaa huko siku tatu za harusi. Jikoni alikuwepo mama mmoja mtu mzima, umri wake kama miaka sitini. Kutoka jikoni hadi kwenye turubai si hatua nyingi, lakini alisimama mara mbili njiani kuvuta pumzi. Maisha yake yote hajagusa sigara. Tulipomuuliza anaumwa nini, alijibu kwa upole kuwa ni pumu ya uzee tu, wanangu. Wenzake wakamtania kuwa amezoea kukaa. Hakuna hata mmoja aliyeyatazama yale mafiga.

Na visiwani kwetu tusijione tumepona. Shamba, Unguja na Pemba, bado tunapikia kuni, makumbi na vifuu. Mjini tunapikia mkaa kwenye vibaraza vilivyozungukwa na kuta pande tatu. Kikwe wana magunzi, sisi tuna vifuu. Kifua ni kile kile.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Mapafu yana mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, midogo na midogo zaidi, mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa. Hapo ndipo damu inapochukua oksijeni. Moshi wa kuni na mkaa umebeba chembe ndogo mno ambazo jicho halizioni moja moja. Zinapita puani, zinapita kooni, zinafika mpaka kwenye vile vifuko.

Siku moja ya moshi, mwili unajitahidi kujisafisha. Miaka ishirini ya moshi, mara mbili au tatu kwa siku, ni jambo jengine. Mirija inavimba na kutoa makohozi, njia ya hewa inakuwa nyembamba, na vifuko vinaharibika na kupoteza ule mnyumbuko wao. Hewa inaingia lakini inatoka kwa taabu. Madaktari wanauita ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na kwa kifupi utausikia ukiitwa COPD.

Unaanza kimyakimya. Kwanza ni kikohozi cha asubuhi chenye makohozi, na mtu anasema ni baridi. Halafu ni kuhema anapopanda ngazi au anapobeba ndoo. Halafu ni kifua kinacholia filimbi. Halafu ni kushindwa kusimama sala nzima. Hatua hizo zinaweza kuchukua miaka mingi, ndiyo maana kila mmoja ana jina la kuupa: uzee, unene, uvivu, jicho la watu, husuda.

Tutofautishe na pumu. Pumu aghalabu huanza mapema maishani, huja na kuondoka, na mgonjwa akitibiwa vizuri anaweza kupumua kama kawaida. Ugonjwa huu wa moshi haurudi nyuma. Kilichoharibika kwenye mapafu hakijengwi upya. Dawa za kuvuta, mazoezi ya kupumua na kuepuka moshi hupunguza taabu na huchelewesha ugonjwa kuendelea, lakini hazileti mapafu mapya.

Tutofautishe pia na kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni lazima kipimwe kifua kikuu, na kipimo na dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Pande za Kaskazini watu wanaijua hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, iliyojengwa kwa ajili ya ugonjwa huo tangu enzi za ukoloni. Lakini majibu yakisema huna kifua kikuu, usirudi nyumbani ukadhani huna kitu. Na aliyetibiwa kifua kikuu akapona anaweza kubaki na makovu kwenye mapafu, akawa rahisi zaidi kuumizwa na moshi. Omba kipimo cha kupuliza, ambacho mgonjwa anapuliza kwa nguvu kwenye mashine na mashine inaonesha hewa inavyotoka. Hakiumi, na ndicho kinachoutambua ugonjwa huu. Hakipatikani kila kituo, kwa hiyo uliza hospitali ya wilaya au ya rufaa.

Sasa tazama hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa COPD wameupata kwa tumbaku. Katika nchi kama zetu tumbaku inachukua asilimia 30 hadi 40 tu, na moshi wa majumbani ni miongoni mwa sababu kubwa za waliobaki. Utafiti uliofanywa vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapima watu wa miaka 35 na kuendelea, ukakuta zaidi ya 15 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Na karibu wote waliopimwa walikuwa wakipikia kuni na mkaa.

Shirika hilo hilo linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Kwa Tanzania, serikali yenyewe inataja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka vinavyotokana na nishati isiyo salama ya kupikia. Fikiri kama ingekuwa ni meli. Sisi wa visiwani tunajua meli ikizama nchi inalia namna gani. Hawa wanazama mmoja mmoja, jikoni, na tunapiga vigelegele.

Tunayoambiwa kila siku

*"Bibi zetu walipikia kuni wakaishi miaka tisini."* Walioishi tumewaona. Waliokufa na miaka hamsini kwa "kifua" hatukuwahesabu. Tena bibi zetu wengi walipika uwanjani, chini ya mwembe au kwenye banda la makuti linalopitisha upepo. Sisi tumejenga kwa matofali na bati, tukaweka dirisha dogo la kuzuia wezi, kisha tukaingiza yale yale mafiga ndani.

*"Chakula cha gesi hakina ladha."* Ladha ya pilau inatoka kwenye viungo, kwenye kitunguu kilichokaangwa kikakubali, na kwenye mkono wa mpishi. Kama ladha inatoka kwenye moshi, basi mume anayeutaka akae jikoni saa nne auvute mwenyewe, kisha atuambie ladha yake.

*"Gesi inalipuka."* Gesi inataka adabu, kweli. Mtungi usimame wima, mpira usiwe umechakaa, dirisha liwe wazi, na ukisikia harufu usiguse swichi wala kiberiti. Lakini moto wa mafiga nao umeunguza watoto wangapi walioangukia sufuria? Na jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kuota moto, hasa juu mlimani baridi ya Juni na Julai inapobana, huua watu usingizini kwa hewa isiyo na harufu. Kwa nini ajali ya gesi inaitwa hatari na ya mkaa inaitwa kadari?

*"Tumeshanunua jiko banifu, yatosha."* Hapa tutasema kweli hata kama haifurahishi. Jiko banifu linapunguza kuni na linapunguza mgongo wa mwanamke kubeba mizigo, na hilo ni jema. Lakini nchini Malawi, katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kuni yaliyoboreshwa, na matokeo yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet yalionesha nimonia ya watoto haikupungua. Kuni inayowaka vizuri zaidi bado ni kuni. Jiko banifu liwe daraja la kupita, lisiwe nyumba ya kuhamia.

*"Hatuna pesa."* Hili ndilo neno zito, na hatulibezi. Kujaza mtungi kunataka pesa nyingi kwa mara moja, na mkaa unanunuliwa kwa kopo. Masikini analipa kidogo kidogo mpaka anamaliza kulipa zaidi. Lakini tuangalie maharusi yetu. Tunakodi ukumbi, tunashona sare tatu, tunapamba jukwaa ambalo kesho yake linang'olewa, tunalipa mpiga picha wa angani. Halafu tunasema pesa ya jiko haipo. Kwa familia nyingi tunazozijua sisi, pesa ipo. Ambacho hakipo ni mtu wa kuona kuwa pumzi ya mwanamke ina thamani kuliko jukwaa.

Sharia imeshasema, sisi ndio hatukusikia

Madrasa na vyuo vyetu vya mwambao vinasomesha Minhaj ya Imam Nawawi. Waume wanaopenda kututajia haki zao waufungue mlango wa nafaka katika kitabu hicho. Watakuta kwamba mume anawajibika kumpa mkewe chakula, na pia gharama ya kukisaga na kukioka, na pia vyombo vya kulia, kunywea na kupikia. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema pia kuwa kupika si wajibu wa kisheria juu ya mke. Anapika kwa hisani yake, kwa mapenzi yake, na kwa kutaka radhi za Mola wake. Na hisani hiyo ina malipo makubwa, In sha Allah.

Sasa jiulizeni. Ikiwa sufuria ni juu ya mume, moto unaoichemsha sufuria ni juu ya nani? Na ikiwa mke anapika kwa hisani, je, malipo ya hisani yake ni kuharibiwa mapafu? Kanuni ya kuondoa madhara ni miongoni mwa misingi mikubwa ya fiqhi yetu. Madhara haya sasa yanajulikana, yamepimwa, yamehesabiwa. Aliyekuwa hajui alikuwa na udhuru. Anayejua na ana uwezo, kisha akamwacha mkewe mjamzito akipuliza kuni zilizoloa, udhuru wake ni upi?

Mtu atasema subira ni ibada. Ni kweli, na sisi tunaiombea. Lakini subira ni kwa lile usiloweza kuliondoa. Mtu anayeona paa linavuja, ana bati uani, na anawaambia watoto wasubiri mvua ikatike, hatumwiti mwenye subira.

Na udi je?

Hatuwezi kusema moshi wa kuni tukanyamazia moshi wa chumbani. Biharusi wa kwetu anafukizwa udi, nguo zake zinafukizwa, nywele zinafukizwa, chumba kinafukizwa. Ni uzuri wetu na hatuuachi. Lakini mkaa kwenye chetezo ni mkaa, na moshi wa udi ni moshi.

Ndugu zetu wa Oman, ambao kwao buhuri ni kama salamu, waliwachunguza watoto wa skuli katika mikoa miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Hawakukuta kuwa buhuri inawaletea watoto pumu. Walichokuta ni kuwa kwa watoto ambao tayari wana pumu, buhuri inawazidishia kifua kulia. Huo ni uadilifu wa elimu, na sisi tuufuate. Mwenye mapafu mazima afukize dirisha likiwa wazi, asijifunike shuka juu ya chetezo kwa muda mrefu, na asilale chumba kilichofungwa na makaa bado mekundu. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wakae mbali. Mafuta ya asmini, kikuba na vilua vinanukia bila moshi.

Na wewe somo, kabla hujamfukiza mwari, muulize kama ana kifua. Muulize kwa faragha, maana wengi wanaficha. Wanaogopa kuwa wakijulikana wana pumu posa itavunjika. Wapo mabinti wanaoficha dawa ya kuvuta chini ya godoro tangu fungate. Hii ni aibu yetu sisi tuliowafundisha kuwa mwanamke mgonjwa ni bidhaa mbovu. Pumu inatibika na inadhibitiwa, na mwenye nayo anaolewa, anazaa na analea.

Ibada ya mwenye kifua

Tunaulizwa sana kila Ramadhani kuhusu dawa ya kuvuta. Wanazuoni wamekhitilafiana. Wapo waliosema haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji, na miongoni mwao ni Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin. Na wapo waliosema inafunguza, hasa kwa wanaoshika kuwa kila chenye umbo kikiingia ndani kwa njia iliyo wazi kinabatilisha. Muulize sheikh unayemwamini na ushike kauli yake.

Lakini katika kauli zote mbili hakuna inayokuambia ukabwe na roho ili saumu itimie. Aliyebanwa atumie dawa. Kama kwa kauli anayoifuata saumu imefunguka, atalipa siku nyengine. Na mgonjwa ambaye haponi na hawezi kufunga, sharia imemwekea fidia ya kulisha masikini. Vivyo hivyo kwenye sala: anayeshindwa kusimama anakaa, na sala yake ni kamili. Mama mkwe anayemwangalia mkwe wake akisali kwenye kiti na kunong'ona kuwa ni mvivu wa ibada, amche Mola wake.

Tunayoyataka

Kwa biharusi: kabla ya akdi, mtume walii wako aulize maswali matatu. Nyumba ina jiko la namna gani? Moshi unatokea wapi? Mtungi ukiisha nani anajaza? Mkitaka yaandikwe kwenye makubaliano yenu, yaandikwe. Anayeona haya kuulizwa habari za jiko ataona haya zaidi kulipa matibabu.

Kwa mama wa pande zote mbili: zawadi za jikoni zianze na moto. Sufuria kumi na mbili bila moto safi ni mapambo. Shangazi watatu wakichanga wananunua jiko la gesi na mtungi wake. Penye umeme wa uhakika, kuna jiko la umeme la presha linaloweza kuivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Watu wa makande, hilo ni lenu. Na hata kabla ya kulipata, lowekeni mahindi na maharage tangu usiku, mfunike sufuria, mkaushe kuni, mpikie nje panapopita upepo, na msibebe mtoto mgongoni mkiwa motoni. Hayo hayagharimu hata shilingi.

Kwa waume wa Kikwe na Meru yote: nyinyi mna ng'ombe. Arusha hapo hapo kuna kituo cha serikali cha CAMARTEC, ambacho kimeshughulika na teknolojia ya vijijini kwa miongo mingi na kusimamia mpango wa kitaifa wa biogesi za majumbani. Samadi ya ng'ombe wachache wa zizini inaweza kupikia nyumba, na inayobaki ikarudi shambani kuwa mbolea. Mwanamme anayejua kuhesabu lita za maziwa hashindwi kuhesabu hilo.

Kwa mashekhe wetu: tunaomba khutba moja. Mmetukhutubia juu ya mavazi yetu, sauti zetu na matembezi yetu. Tukhutubieni Ijumaa moja tu juu ya pumzi zetu, na wanaume wawe wamekaa safu ya mbele.

Na kwa serikali: mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan, binti wa Makunduchi, alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huo huo alikuwa Paris akiongoza pamoja na wengine mkutano wa dunia kuhusu jambo hili kwa Afrika. Tunajivunia kuwa ni mwanamke wa kwetu, na kwa sababu ni wa kwetu tunamdai zaidi. Mitungi ya bei ya ruzuku imegawiwa vijijini, na tunashukuru. Lakini mtungi wa kwanza si tatizo. Tatizo ni wa pili. Ukiisha gesi na duka la kujazia liko mbali, na bei yake ni mshahara wa wiki wa kibarua, ule mtungi unageuka kigoda na mama anarudi kwenye mafiga. Ruzuku ifuate ujazaji. Na kipimo cha kupuliza kifike hospitali zote za wilaya, ili mama wa Kikwe ajue anaumwa nini kabla hajafika pabaya.

Kwa leo tunamalizia hapa

Kama unahema kwa kazi ndogo, kama una kikohozi kisichokatika, nenda hospitali wiki hii. Ukiona mtu midomo imekuwa ya samawati, au hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, usimpeleke kwa mtu wa kumwagulia. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na kisomo msomeeni njiani.

Na harusi ijayo, mtu akisimama kumsifia biharusi kwa kuvumilia moshi, msipige vigelegele. Kaeni kimya. Ukimya wa wanawake ukumbi mzima utaeleweka. Kisha mmoja wenu asimame aulize, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume: jiko lake liko wapi?

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wa kifua, awarehemu mama zetu waliotangulia wakiwa na kikohozi kisichopewa jina, na awajaalie mabinti zetu nyumba zenye baraka na hewa safi. Amin.